Bata wangu shingo imelegea kabisa na hasimami, nimsaidieje hapa nyumbani?

Mama Kibibi, Jumapili saa 2 asubuhi

Jamani habari za asubuhi, naombeni msaada wa haraka kwa yeyote anayejua mambo ya bata. Nipo Mbagala, nina bata wanne tu wa hapa nyumbani, sio wa biashara, na mmoja anaitwa Kibibi ni wa binti yangu kabisa, alimlea toka kifaranga cha siku mbili, mtoto akirudi shule bata anamfuata kila kona. Sasa juzi jioni nikaona anachechemea na kukaa kaa chini nikajua labda amekanyagwa, jana asubuhi hasimami tena, anajikokota kwa mabawa, na leo ndio mbaya zaidi, shingo imelala chini, ukiiinua inaanguka kama kamba. Macho anayo wazi nusu, kile kiutando cheupe cha jicho kimefunika hakirudi vizuri. Anaharisha kijani majimaji. Anataka kunywa, namuona kabisa anasogeza mdomo kwenye beseni ila kichwa kinazama tu mpaka nikamtoa mwenyewe.

Wenzake watatu wazima, wanakula kama kawaida. Chakula chao pumba, dagaa waliosagwa na ugali unaobaki. Jana nimempa ile OTC, antibiotiki ya unga ya kuchanganya kwenye maji, hajanywa ya maana. Daktari wa mifugo tunayemtumia yupo safarini mpaka kesho. Jirani kaniambia nimchinje tu kabla hajafa nisipate hasara, ila mtoto amekaa naye toka alfajiri hajala chochote na mimi mwenyewe roho inaniuma. Nifanyeje?

Kijana wa Kilosa, saa 2 na dakika 25

Pole sana mama. Hiyo ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle, huku kwetu ikiingia inamaliza banda zima. Watenge haraka na hao wengine. Bibi yangu alikuwa anaponda mwarobaini na pilipili kichaa anawanywesha, wengine walikuwa wanapona. Ukiona hali inazidi mchinje tu mama, usimuache ateseke.

Mfugaji Bagamoyo, saa 2 na dakika 50

Dada Mama Kibibi, kabla ya chochote ondoa hilo beseni la maji karibu naye sasa hivi. Bata mwenye shingo iliyolegea anazama kwenye maji ya vidole vitatu tu, nimepoteza mmoja hivyo hivyo nikiwa ndani napika chai. Wala usimmiminie maji mdomoni, na hiyo pilipili ya kijana wetu naomba tuiache, najua ametaka kusaidia ila ndege asiyeweza kumeza ukimnywesha kitu kinaingia kwenye mapafu, tundu la njia ya hewa lipo palepale nyuma ya ulimi, tena wazi.

Afu usimchinje kwa ajili ya kula. Kama ni sumu mwilini hiyo sio nyama ya kuwapa watoto, na dawa uliyompa jana nayo bado ipo.

Sasa nijibu haya. Shingo ni laini imelegea, au imekakamaa na kupinda upande, kichwa kinaangalia juu au mgongoni? Wiki hii walikuwa wanaogelea au kuchakura wapi? Kuna mtaro, dimbwi, jalala karibu? Kuna mzoga wowote umeonekana, kuku, panya, samaki waliooza, kitu chenye funza?

Mama Kibibi, saa 3 na dakika 10

Asante sana kaka, beseni nimeondoa. Shingo ni laini kabisa, haijapinda, haina nguvu tu. Na umenishtua na hilo swali, maana nyuma ya nyumba kuna mtaro, toka masika maji yamesimama pale na sasa yamepungua yamekuwa meusi yana harufu, bata wanashinda humo. Na kama siku tano hivi zilizopita nilisikia harufu kali, mtoto wa jirani akasema kuna kuku aliyekufa alitupwa kwenye mfuko ukapasuka. Nimetoka kwenda kuangalia muda huu, upo kweli, funza wamejaa. Kibibi ndio kinara wa kwenda kule, wale wengine huwa wanabaki karibu na jiko.

Mfugaji Bagamoyo, saa 3 na dakika 45

Basi dada hapo naona picha. Mi sio daktari, nafuga bata mwaka wa kumi na moja huu, ila hali hii nimeiona mara tatu na mara zote mzoga na maji machafu vilikuwepo. Inaitwa botulizimu. Kuna bakteria anaishi kwenye tope, mbegu zake zinakaa miaka na miaka bila shida yoyote, ila kukipatikana joto, maji yaliyosimama yasiyo na hewa na kitu kinachooza, mzoga hasa, anaamka anazaliana na kutoa sumu. Funza wanakula ule mzoga, sumu inajaa kwao na wao haiwadhuru hata kidogo, bata anakuja anaona chakula kitamu, anaokota funza wachache tu na imetosha. Ndio maana unakuta mmoja ameanguka na wenzake wazima, yule mchakuraji ndiye anayeumia.

Sumu yenyewe inakata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Inaanza miguuni, inakuja mabawani, inapanda shingoni, na kile kiutando cha jicho ulichokiona nacho ni hivyo hivyo, msuli wake umelala. Bata mwenyewe anasikia na anaona, akili yake ipo, mwili ndio haumtii. Kwa hiyo mwambie mtoto aendelee kuongea naye, anamsikia. Wanaokufa wanakufa kwa kuzama, kwa kiu, kwa jua, au sumu ikifika kwenye misuli ya kupumulia. Hiyo ya mwisho huna la kufanya nyumbani ila hizo tatu zipo mikononi mwako kabisa, na mwenye dalili za kiasi mara nyingi mwili unaondoa sumu wenyewe ukimpa muda na maji safi.

Fanya hivi. Mhamishe sehemu ya kivuli, ndani kama inawezekana, hewa ipite, nzi wasifike. Chukua kanga mbili za zamani, zungusha kata kama ile ya kubebea ndoo kichwani ila kubwa, mkalishe katikati kifua kikae kwenye kata, miguu chini yake kawaida. Asilale ubavu maana anashindwa kupumua vizuri, na asilale mgongo kabisa. Kichwa kiegemeze juu ya ukingo wa kata au kitambaa kilichokunjwa, kiwe juu kidogo kuliko mwili, mdomo uelekee chini kidogo ili mate yatoke. Kila masaa mawili matatu msogeze ubadilishe alivyoegemea, ukimuacha sehemu moja kutwa kifua kinachubuka.

Maji: chukua bomba la sindano bila sindano yake, weka tone moja pembeni ya mdomo, kwenye ule mstari ambapo midomo inakutana. Subiri. Ukiona koo linacheza amemeza weka lingine. Ukiona maji yanabaki mdomoni au yanatokea puani acha kabisa, maana yake kumeza kumekufa na hapo anahitaji mpira wa kupeleka maji tumboni, na huo usijaribu kama hujawahi kuonyeshwa, subiri daktari. Maji yawe ya ORS ile ya dukani ya watoto, uchanganye kama paketi inavyosema. Chakula acha kwa leo, maji ndio yanayotangulia.

Macho hayafumbi kwa hiyo yanakauka, mdondoshee maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo sana, mara nne tano kwa siku. Na huku nyuma mfute kwa maji ya vuguvugu kila akiharisha, ukausha, nzi wanataga hapo na ukichelewa siku moja unakuta funza kwenye ngozi ya bata aliye hai.

Wale watatu wafungie ndani ya uzio leo hii, wasiuone huo mtaro tena. Mzoga uondoe kwa glavu au mifuko mikononi, uchome moto au uchimbie chini sana, pamoja na funza wote. Hapo usimtume mtoto.

Mama Kibibi, saa 4 na dakika 5

Mungu akubariki kaka yangu. Nimeshamuweka kwenye kata, mtoto ndiye ameshika kichwa. Matone matatu amemeza, koo nimeliona linacheza. Nalia hapa.

Bata wa Kilifi, saa 5 asubuhi

Poleni kutoka huku Kilifi. Nakubaliana na mwenzangu wa Bagamoyo, ila ningependa pia uangalie hiyo pumba na mabaki ya chakula. Mimi mwaka juzi nilipoteza vifaranga tisa vya bata kwa wiki moja, nikidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, kumbe ni mahindi niliyonunua bei rahisi yalikuwa yameshika ukungu. Sumukuvu. Bata, hasa wadogo, ni wepesi sana kudhurika nayo kuliko kuku, kuku wanaweza kula chakula hicho hicho ukaona wako sawa na bata wanakufa. Na sio jambo la ndege tu, sisi Kenya tunakumbuka 2004, Makueni na Kitui, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo mimi siku hizi pumba nikiinusa ikanuka uvundo, au nikiishika ikawa imeshikana mabonge, natupa hata kama nimelipia pesa. Kuchemsha hakusaidii, sumu hiyo haitoki kwa moto wa jikoni.

Kwa Kibibi dalili zako zinafanana zaidi na hiyo ya mtaro, shingo kulegea hivyo mimi sikuiona kwa vile vifaranga, vyangu vilikuwa vinazubaa, havikui, vinaanguka na kutupa miguu nyuma kabla ya kufa. Lakini angalia gunia hata hivyo.

Mtaalamu wa mifugo Moro, saa 6 na dakika 20 mchana

Nimesoma yote. Nimesomea mifugo na nafanya kazi hiyo. Mfugaji Bagamoyo ameeleza vizuri, naongeza machache muhimu.

La kwanza, OTC haiui sumu. Bakteria keshafanya kazi yake, kinachomlaza bata ni sumu iliyokwishaingia, hivyo usiendelee kumjaza dawa za kuua vijidudu ukitegemea asimame. Na hili naliomba sana, kesho daktari akija au ukienda duka la dawa za mifugo, usikubali achomwe penstrepu (mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini) au jentamaisini. Najua ndio sindano ya kwanza watu wanayoikimbilia kwa kila mnyama aliyelala, ila streptomaisini na jentamaisini zenyewe zinapunguza nguvu ya misuli, kwa ndege mwenye botulizimu unaweza kumzimia pumzi. Mweleze daktari habari ya mtaro na mzoga kabla hajafungua begi.

La pili, kuhusu mdondo, kijana wa Kilosa hajakosea kuufikiria, ni ugonjwa wa kuogopa. Ila bata huwa anaubeba bila kuumwa sana, wanaoanguka ni kuku, na shingo ya mdondo mara nyingi inapinda na kukakamaa, sio kulegea kama uzi. Kama una kuku hapo jirani bado wapate chanjo ya tone la jichoni, ile inayorudiwa kila miezi mitatu.

La tatu, ukiona bata wengi au kuku wengi mtaani wanakufa ghafla kwa siku moja mbili, hapo usitibu nyumbani, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo na usiguse mizoga kwa mikono mitupu. Kuna mafua makali ya ndege na kuna kipindupindu cha ndege, hayo hayatofautishwi kwa macho tu.

Na nyie mnaomhudumia muoshe mikono kwa sabuni kila mara, bata mzima kabisa anaweza kuwa na bakteria wa salmonela, sembuse anayeharisha. Mtoto asimbusu mdomoni.

Kijana wa Kilosa, saa 6 na dakika 40

Nashukuru kwa elimu wakuu, nimejifunza. Kwetu miaka yote tunasema mdondo tu. Mama pole na usikate tamaa, ile habari ya kuchinja naifuta.

Nuru, saa 9 alasiri

Samahani naingilia, naona humu kuna wajuzi. Mimi nina vifaranga vya bata sita vya wiki tatu, viwili miguu inatanuka nje, vinatembea kwa magoti kama vinatambaa, ila shingo safi, vinakula vizuri na kelele nyingi. Nao ni hiyo sumu? Nawapa stata ya kuku, kile chakula cha dukani cha vifaranga, peke yake, hawatoki nje kabisa.

Mfugaji Bagamoyo, saa 9 na dakika 30

Nuru mdogo wangu, hiyo ni nyingine na ina dawa rahisi. Hao wamekosa vitamini B3, naisini. Bata anayekua anahitaji kama miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula, kuku anatosheka na 30 hivi, kwa hiyo stata iliyotengenezwa kwa kuku inamuacha bata na njaa ya hiyo kitu wakati tumbo limejaa. Na mahindi ndio hayasaidii kabisa, B3 iliyomo imefungwa, mwili hauwezi kuichukua.

Wawekee kwenye maji ya kunywa, vidonge vya naisini famasi wanauza, miligramu 100 mpaka 150 kwa lita nne, unabadilisha kila siku, na hayo yawe ndio maji yao pekee. Juu ya hapo waongezee dagaa waliosagwa, maini ya kuku yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo sana, njegere zilizopondwa. Na uangalie wamekanyaga nini, kama umetandika gazeti au tailizi inateleza, miguu itazidi kutanuka, weka zulia kuukuu au gunia lililooshwa. Ukiwahi wiki hii wataanza kunyooka ndani ya siku chache. Ukichelewa mifupa inakomaa imepinda na hapo hairudi.

Nuru, saa 9 na dakika 50

Nimekaa na hivi vifaranga wiki nzima naona vinatambaa sikujua. Naenda famasi sasa hivi.

Mama Kibibi, Jumatatu saa 1 jioni

Ndugu zangu Kibibi yupo hai. Usiku sikulala, niliweka kengele ya simu kila masaa mawili nikamgeuza. Daktari amekuja saa nane, nikamweleza ya mtaro na mzoga kabla hajafungua begi kama mtaalamu alivyosema, akatikisa kichwa akasema na yeye anaona ndio hiyo. Akampeleka maji kwa mpira mpaka tumboni, akanionyesha namna ya kupima urefu wa mpira na kuupitisha upande wa kulia wa koo ukikwepa lile tundu la pumzi, akanisimamia nikafanya mwenyewe mara moja. Kasema mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Shingo bado. Ila jicho la kulia anafumba, la kushoto linakuja.

Ule mzoga wa mtaroni nimeuchoma, na kina baba wa nyumba tatu wamekubali Jumamosi tuuzibue maji yatembee.

Mfugaji Bagamoyo, saa 1 na nusu usiku

Jicho kufumba ni habari kubwa sana dada. Mara zote tatu kwangu yaliyorudi kwanza ni macho, shingo ikafuata, miguu ndio ya mwisho. Usiharakishe chakula.

Mama Kibibi, Jumatano saa 3 usiku

Leo asubuhi amenyanyua kichwa mwenyewe, akakishikilia kama nusu dakika kisha kikashuka. Mchana akashikilia muda mrefu. Jioni nimempa uji mwembamba wa stata kwenye kisahani akachota mwenyewe, ametapakaza kata yote. Miguu bado haina kitu, ila ukimbana vidole anavuta. Nampima kwenye mzani wa jikoni kila asubuhi, alipungua gramu 210 toka Jumapili, leo hajapungua.

Swali, binti anataka kumuweka kwenye beseni aogelee mazoezi ya miguu, nimruhusu?

Mtaalamu wa mifugo Moro, saa 4 usiku

Hongereni sana. Beseni ndio ila shingo iwe na nguvu kwanza, ashikilie kichwa saa nzima bila kushuka. Maji ya vuguvugu, kina cha kuelea tu, mikono ya mtu mzima chini ya kifua muda wote, dakika tano kisha umkaushe kabisa, maana wiki hii hakuwa anajipaka mafuta yake ya manyoya, anaweza kulowa mpaka ngozini akashikwa na baridi hata huko Dar. Mayai yake akitaga msile mpaka daktari wenu awaambie, kwa ajili ya ile OTC.

Na mrudishe karibu na wenzake waonane kupitia waya. Bata akikaa peke yake siku nyingi anakataa kula.

Nuru, Alhamisi saa 12 jioni

Kimoja kimesimama leo! Cha pili kinasimama kinaanguka. Nimewawekea zulia. Asanteni mno.

Mama Kibibi, Jumamosi saa 11 jioni

Mtaro umezibuliwa, tumetoa tope ndoo sijui ngapi na maji yanatembea. Bata wapo ndani ya uzio, nimewachimbia kibwawa cha beseni kubwa la plastiki, maji nabadilisha asubuhi na jioni.

Kibibi amepiga hatua nne kutoka kwenye kata mpaka mlangoni, akakaa, akapumzika, akapiga tena tatu. Binti alikuwa anatoka madrasa, bata kamsikia sauti getini ndio akanyanyuka.

Bata wa Kilifi, saa 11 na dakika 20

Alhamdulillah. Na ile pumba uliangalia?

Mama Kibibi, saa 11 na dakika 30

Niliangalia, ya juu ilikuwa nzuri, chini ya gunia imeshikana mabonge. Nimetupa yote.